Pasaka 2027, watu 6 kutoka Nürnberg kwenda theluji ya Austria: tulale wapi, twende na nini?

BintiKisauni

Asalaam aleikum, na habari zenu wote.

Tunataka wiki moja ya ski Austria. Likizo ya Fasching (kanivali) ya Bavaria mwaka 2027 ni 8 hadi 12 Februari, na mwezi wa Ramadhani unatarajiwa kuandama siku hizohizo, kwa hiyo hiyo tumeiacha. Tumebaki na Pasaka: shule zinafungwa 22 Machi hadi 2 Aprili.

Tuko 6. Mimi na mume wangu, watoto wa miaka 5, 8 na 12, na mdogo wangu wa kike anayekuja kutoka Mombasa kwa wiki 3. Wote ni wageni wa ski isipokuwa huyo mtoto mkubwa. Gari letu lina viti 5. Nimeona fleti ya bei nzuri karibu na Kitzbühel, Jumapili 21 hadi Jumapili 28 Machi, na mwenye nyumba anataka jibu wiki hii. Niishike? Twende na gari la kukodi au treni? Na mdogo wangu aombe viza ya Ujerumani au ya Austria? Nyama ya nguruwe hatuli, kwa hiyo hoteli ya vyakula vya pamoja inanitia wasiwasi.

MkaziWaTirol

Wa aleikum salaam. Usiishike bado, dada. Bei ni nzuri kwa sababu.

Mji wa Kitzbühel uko mita 762 tu juu ya usawa wa bahari. Mwishoni mwa Machi theluji ya juu bado ipo, na mzoefu atapanda lifti na kuteleza huko bila shida. Tatizo ni ninyi wanafunzi. Viwanja vya kujifunzia mara nyingi viko chini kabisa ya mlima, na huko ndiko theluji inakoisha kwanza. Asubuhi inakuwa barafu, saa sita mchana inakuwa uji, na mtoto wa miaka 5 kwenye uji hageuki, anazama.

Kwa Pasaka tafuteni mahali ambapo wanafunzi wenyewe wanafundishwa juu. Bonde la Stubai, kusini ya Innsbruck, linafaa. Mnalala Neustift, kama mita 1,000, kisha mnapanda barafuto (barafu nene ya kudumu mlimani) la Stubai ambalo lifti zake zinafika mita 3,210. Eneo la watoto na wanaoanza liko kituo cha kati cha Gamsgarten, karibu mita 2,600. Mnapanda kwa lifti ya vibanda na kushuka kwa hiyohiyo. Hakuna anayelazimika kuteleza hadi bondeni. Obergurgl nayo ni ya juu, kijiji chenyewe kiko mita 1,930, ila malazi yake ni ghali.

Urefu una gharama yake. Upepo ukizidi lifti za juu hufungwa, na juu ya mstari wa miti ukungu ukishuka huoni hata ncha za ski zako. Kwa siku kama hizo kuna eneo jingine la ski, Schlick 2000, juu ya Fulpmes, bonde hilohilo. Mtoto akilalamika kichwa juu kule, mpe maji na mshushe, usimwambie avumilie.

Halafu badilisha siku. Madarasa ya vikundi ya watoto huanza Jumapili au Jumatatu na kuendelea siku kama 5. Ukifika Jumapili jioni hujapima viatu, hujaandikisha mtoto, na Jumatatu asubuhi uko kwenye foleni na nusu ya nchi. Chukua Jumamosi 20 hadi Jumamosi 27. Tena usiku wa kuamkia Jumapili ya 28 saa zinasogezwa mbele, kwa hiyo mngeondoka mkiwa mmepungukiwa saa moja ya usingizi.

UfunguoMlangoni

Naongezea upande wa kulala. Kwa suala la chakula, fleti inashinda hoteli. Hoteli za kule huuza "Halbpension", yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa inaingia hata kwenye vitu usivyovitarajia: madonge ya mkate kwenye supu, viazi vya kukaanga, kabichi. Ukiandika mapema watakupikia bila nguruwe, lakini usitegemee nyama ya halali kijijini. Beba ya kwako Nürnberg, igandishe, iweke kwenye mfuko wa kutunza baridi.

Tangazo likisema "kwa watu 6", hesabu vyumba, usihesabu watu. Mara nyingi ni vyumba viwili na kochi la kukunjua sebuleni, "Schlafcouch". Kwenu, watu wazima watatu na watoto watatu, hilo linamaanisha mdogo wako atalala sebuleni na hatapata usingizi mpaka wa mwisho amalize kunywa chai. Omba vyumba vitatu, au viwili na kona ya vitanda vya ghorofa iliyofungwa mlango.

Uliza pia, kwa maandishi, yafuatayo kabla ya kulipa amana: je, "Endreinigung" (usafi wa mwisho) imo ndani ya bei; shuka na taulo zimo; "Ortstaxe" (kodi ya wageni wanaolala) ni kiasi gani kwa usiku (Tirol, walio chini ya miaka 15 hawalipi, kwa hiyo kwenu ni watu 3 pekee); na kughairi bila kulipa kunaishia tarehe gani. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa sababu viza ya mgeni wenu itajulikana baadaye. Chagua nyumba ambayo tarehe yake ya kughairi iko baada ya siku unayotegemea jibu la ubalozi, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Umbali usiulize "hadi lifti". Barafuto liko kama kilomita 20 kutoka Neustift, hakuna anayelala mlangoni pake. Uliza ni mita ngapi hadi kituo cha basi la ski, na kama njia ni tambarare. Mita 400 za mteremko wenye barafu, umebeba ski za mtoto, ni safari. Na nyumba iwe na chumba cha ski chenye vikausha viatu, maana kiatu kilicholala na unyevu asubuhi hakivaliki.

Maduka mengi Jumamosi hufungwa saa 12 jioni, Jumapili hayafunguliwi. Mkifika saa 1 usiku huenda msipate kitu hadi Jumatatu. Kituo kikuu cha treni cha Innsbruck kina duka la vyakula linalofunguliwa hadi Jumapili, likumbukeni.

DerevaWaA9

Gari. Nürnberg hadi Neustift ni karibu kilomita 350, saa 4 barabara ikiwa tupu, na Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Bavaria haiwi tupu. Ondokeni saa 10 alfajiri, muwe mmeipita München kabla jiji halijaamka.

Gari lenu la viti 5 halihusiki tena. La viti 7 ni mtego: ukiinua safu ya tatu, buti inabaki ya mkoba mmoja. Kodini la viti 9, leseni ya kawaida ya daraja B inaruhusu abiria 8 na dereva. Kwenye mkataba hakikisha mambo mawili yameandikwa: ruhusa ya kuvuka kwenda Austria, na matairi ya theluji yenye alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Kampuni nyingi huyatoza kama nyongeza, na usipoyaomba utapewa gari lililopo. Austria, kuanzia 1 Novemba hadi 15 Aprili, barabara ikiwa na theluji au barafu ni lazima, na kina cha kashata kisipungue milimita 4. Ya milimita 3 Ujerumani yanapita, kule yanahesabiwa kama matairi ya kiangazi.

Ushuru wa barabara kuu za Austria: stika ("Vignette") ya siku 10 inawatosha, inunuliwe mtandaoni kwa namba ya gari. Kwa gari la kukodi, namba mnaijua siku ya kulichukua tu, basi ununuzi ufanyike hapo hapo kwenye maegesho, na andikeni herufi za namba sawasawa. Kosa la herufi moja ni faini. Kutoka mpakani hadi Kufstein Süd stika haihitajiki, baada ya hapo hadi Innsbruck inahitajika. Ukipanda barabara kuu A13 ya Brenner kwenda Stubai, kuna malipo yake pembeni, stika haiyagusi. Kupitia barabara ya zamani kukwepa malipo, siku za wikendi za majira ya baridi Tirol hufunga baadhi ya njia za kutokea kwa wapita njia. Wanaokwenda kulala bondeni wanaruhusiwa, ila uwe na uthibitisho wa nyumba mkononi.

Ndani ya gari: pembetatu, sanduku la huduma ya kwanza, na jaketi la kuakisi mwanga lililo karibu na dereva, si chini ya mizigo. Vitu vyote vitatu ni sheria Austria. Wa miaka 5 na wa miaka 8 wanahitaji viti vyao.

AbiriaWaReli

Bwana Dereva kaeleza vizuri, lakini ukijumlisha ukodishaji wa siku 8 wa gari la viti 9, matairi, mafuta, stika, Brenner na maegesho, halafu gari lenyewe likae uani wiki nzima kwa kuwa basi la ski linapita mlangoni, hesabu haikai sawa.

Treni: ICE (treni ya kasi) Nürnberg hadi München ni saa 1 na dakika kama 10. Hapo mnabadilisha kwenda EC (treni ya kimataifa) ya Innsbruck kupitia Kufstein, saa 1 na dakika 45. Jipeni dakika 40 za kubadilisha, zisipungue, kwa sababu ICE ikichelewa dakika 20 na mna watoto watatu, dakika 12 za programu ya simu ni ndoto. Kutoka kituo kikuu cha Innsbruck, basi namba 590 linapanda hadi Neustift na kuendelea hadi Mutterberg, chini ya barafuto.

Nunueni tiketi nzima hadi Innsbruck kwa pamoja, si vipande viwili. Ikiwa ni tiketi moja na mkakosa EC, mnaruhusiwa kupanda inayofuata. Watoto waandikeni kwenye tiketi wakati wa kununua; wakisahaulika, ndani ya treni haongezwi mtu. Viti vishikeni: tangu Juni 2025 ile nafasi ya familia kwa bei moja imefutwa, kila kiti kinalipiwa chake. EC ya Jumamosi ya likizo bila viti vilivyoshikwa ni kusimama mlangoni hadi Rosenheim.

Njia ya nafuu ni Bayern-Ticket, inafika hadi Kufstein na wikendi hutumika tangu usiku wa manane. Lakini ni treni za mkoa pekee. Kwa wanaobeba mtoto wa miaka 5 siipendekezi.

Ski msibebe. Kodini kule.

MkaziWaTirol

Kuhusu kukodi: sehemu ya chini ya barafuto mnaweza kuacha vifaa usiku na kurudi Neustift na viatu vya kawaida. Ni raha kwelikweli, hadi asubuhi upepo ufunge barafuto. Ski zenu ziko kwenye kabati kule, na ninyi mnataka kwenda Schlick. Angalieni utabiri wa upepo kila jioni. Ukionekana mkali, rudini na vifaa.

Mpeni mwenye duka urefu, uzito, umri na urefu wa mguu kwa sentimita, na uzito uwe wa kweli. Ndio unaoamua ski zinaachia wakati gani mtu akianguka. Anayejipunguzia kilo 10 kwa haya, ski zitamtoka kwenye kona ya kawaida. Soksi moja nyembamba, si mbili. Mbili hujikunja, hubana damu, na miguu ndiyo inapoa.

Watoto wa chini ya miaka 10 kwa kawaida hupanda bure kwenye barafuto la Stubai wakiwa na mzazi anayelipa. Nendeni na pasipoti zao dirishani.

KarataseZaSafari

Viza: anaomba kwa nchi atakayolala siku nyingi zaidi. Nürnberg usiku 14, Neustift 7, basi ni Ujerumani. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Akitua 15 Machi, dirisha linafunguka 15 Septemba 2026. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Ninyi chukueni "Verpflichtungserklärung" (hati ya kuahidi kumgharamia mgeni) ofisi ya wageni ya mji wenu, euro 29, ila itumike ndani ya miezi 6, msiikimbilie mapema mno. Na kwenye ombi aandike Neustift pia, pamoja na uthibitisho wa fleti.

Bima ndipo watu wanapokosea. Ya Schengen inatakiwa kufikia euro 30,000, na nyingi zinazouzwa kwa ajili ya viza hazijumuishi michezo ya theluji. Ombi litapita vizuri kabisa, kisha akivunjika mguu juu ya Gamsgarten hana kitu, na helikopta ni maelfu ya euro. Soma orodha ya visivyolipwa, tafuta ski na uokoaji mlimani. Ninyi mnaoishi Ujerumani, kadi ya bima ya afya inalipa hospitali ya Austria, haimlipi anayekushusha mlimani. Hiyo ni bima nyingine.

Mkirudi, polisi wa Ujerumani hukagua mpakani Kiefersfelden, na hukagua ndani ya treni pia. Pasipoti ya mgeni na kadi zenu za ukaazi zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku lililo chini ya mengine yote.

BintiKisauni

Mungu awazidishie. Kitzbühel nimeikataa. Tumeamua treni, Neustift, 20 hadi 27. Swali dogo: fleti mbili zimebaki, moja iko kijijini kando ya kituo cha basi, vyumba viwili na kochi, nyingine vyumba vitatu, lakini ni Krößbach, ndani zaidi ya bonde. Bei sawa.

UfunguoMlangoni

Krößbach iko njiani kwenda barafutoni, basi linapita hapo na safari ya asubuhi ni fupi. Ila huko hakuna duka la maana, na kurudi kijijini kununua maziwa usiku bila gari ni taabu. Kama mtabeba chakula cha siku mbili tangu Innsbruck na mwenye nyumba atawaletea mikate asubuhi (wengi hufanya hivyo, uliza "Brötchenservice"), chukua vyumba vitatu. Angalia tu basi linasimama upande upi wa barabara na kama limejaa likitoka Neustift: basi la saa 2 na nusu asubuhi hujaa kijijini, Krößbach mnapanda mkiwa wa mwisho. Pandeni la kabla yake.