Majirani Kiamunyi, Nakuru: barabara inapita kwa nani?

06:12 Katibu: Hamjambo majirani. Kuna notisi imebandikwa kwa mlango wa posho. Kaunti inapanga kurefusha barabara yetu kutoka pale lami inaishia mpaka ng'ambo ya mtaro mkubwa. Kikao cha maoni ni Alhamisi saa nne, kwa chifu.

06:15 Mama Chebet: Mungu ni mwema! Juzi nimetoka stegi nikibeba viatu mkononi kama mtu ametoka kuvua samaki 😂

06:17 Boda wa Kona: Shangilieni tu. Lami ikifika, matatu zitaingia ndani, mimi nitakula wapi?

06:31 Baba Mwas: Na hizi X nyekundu? Nimetoka kukama nikapata ukuta wangu umechorwa. Ukuta wa mawe, fundi nimemaliza kumlipa mwezi jana.

06:33 Shosho: Hata mimi. Wamechora X kwa tangi la maji. Tangi ni la plastiki, si wangeniambia tu nilisogeze.

06:40 Mwenyekiti: Watu wangu, wasiwasi wa nini? Hakuna mtu atatoa hata inchi moja bila pesa. Alhamisi nitasimama niwaambie hivyo hivyo.

06:52 Mwalimu: Mwenyekiti, kwa heshima zako, hapo kuna mambo mawili. Kuna ploti inayokatwa, na kuna ukuta uliojengwa ndani ya barabara. Mwenye ploti analindwa na Katiba, kifungu cha 40: alipwe fidia ya haki, yote, bila kuzungushwa. Na kaunti haijikatii yenyewe. Inapeleka ombi kwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, tume inatangaza kwenye Gazeti la Serikali, halafu inaita kikao cha kusikiliza madai, siku 30 au zaidi baada ya tangazo. Unaenda na hati zako. Rangi kwa ukuta si tangazo. Lakini aliyejenga kwa barabara atalipwa ya nini? Barabara ilikuwa yake lini?

06:55 Baba Mwas: Sasa mtu atajuaje yeye ni yupi kati ya hao?

07:01 Mwalimu: Ramani. Huku kote kulikuwa shamba moja, wazee wakagawana, na sevea akaacha mita 12 za barabara hapo mbele yenu. Nakala ninayo.
[Picha]
Ila ramani bila bikoni, zile alama za mpaka, ni karatasi ya kufungia nyama. Kila mtu atafute zake.

07:03 Mama Duka: Bikoni ni kile chuma kwa simiti? Yangu kuku wanalalia tangu nihamie.

07:04 Mama Duka: Na sisi wapangaji? Kibanda kiko kando ya barabara na taito sina.

07:10 Mwalimu: Mama, kifungu hichohicho kinasema mkaaji wa nia njema asiye na hati anaweza kufidiwa, kama ardhi inayochukuliwa ni ya mtu. Sikiza hiyo "anaweza". Na kibanda kikiwa ndani ya barabara yenyewe, hapo ni kuomba muda wa kuhama. Njoo Alhamisi, jina lako liandikwe.

07:14 Fundi wa Mabomba: Nyinyi mnabishania kuta. Mimi nauliza maji. Udongo wetu ni majivu ya volkano, Menengai si ile pale? Jua likiwaka vumbi linaingia mpaka kwa sufuria, mvua ikipiga unamegeka kama keki. Sasa hivi maji yanazama kidogo kidogo njiani. Mkiweka lami yote yatateremka kama yako kwa bomba, na huku chini ni kwangu. Kabla ya kupiga makofi ulizeni kalvati za kupitisha maji chini ya barabara ni ngapi, za upana gani, na mtaro unaishia wapi. Mtaro wa mara ya mwisho uliishia kwa mahindi yangu.

07:20 Mama Chebet: Huo ni ukweli. Aprili 2024 nilichota maji sebuleni kwa beseni mpaka saa nane usiku.

07:21 Boda wa Kona: Fundi leo ameongea kuliko mwaka mzima.

17:40 Mwas: Tumepima na Mwalimu. Ukuta wa baba umezidi kwa futi moja. Amenyamaza, msimpigie. Halafu tukavuta tepu mita 12 kutoka bikoni yetu kwenda ng'ambo. Imeingia ndani ya ua wa kayaba wa Mwenyekiti, mpaka kwa ule mparachichi. Tukafukua majani, bikoni hii hapa.
[Picha]

17:44 Mama Duka: 👀

17:46 Mama Chebet: Ngoja. Kwa hivyo geti liko barabarani?

17:47 Mwas: Geti, kayaba na mti. Mita 3.

17:52 Mwenyekiti: _Ujumbe huu umefutwa_

18:10 Mwenyekiti: Mimi nilinunua nikapata kayaba iko hapo.

18:12 Shosho: Mwanangu, miche ya hiyo kayaba nilikuuzia mimi. Na bado una deni ya debe moja.

18:13 Boda wa Kona: 😂😂😂

18:31 Katibu: Tupunguze kicheko. Alhamisi saa nne, kila mtu na nakala ya taito. Mwenyekiti, bado utatusemea?

18:50 Mwenyekiti: Mambo ya ardhi aseme Mwalimu. Mimi nitauliza ya kalvati.