Super League ya Ulaya: timu ipewe kiti cha kudumu kwa kigezo gani? Tujadili

Wakuu habari zenu. Juzi kijiweni palichimbika kisa hii ishu ya Super League ya Ulaya, kuna jamaa kasimama kidete kwamba ilikuwa wazo zuri na sisi tuliopinga tulifuata mkumbo tu. Muda ukaisha sijamaliza yangu, nayaleta hapa.

Kwa waliosahau, Jumapili usiku tarehe 18 Aprili 2021 timu 12 zilitangaza kujitoa kwenye utaratibu wa UEFA (shirikisho la soka la Ulaya) na kuanzisha ligi yao. Sita za England (Arsenal, Chelsea, Liverpool, City, United, Tottenham), tatu za Hispania (Real, Barca, Atletico), tatu za Italia (Juve na timu mbili za Milan). Mpango ulikuwa timu 20, kati yao 15 wanachama wa kudumu, yaani hawatoki hata waboronge vipi kwenye ligi za kwao, halafu nafasi 5 tu zinagombewa na Ulaya nzima iliyobaki. Waanzilishi wagawane euro bilioni 3.5, hela inatoka benki ya JPMorgan ya Marekani. Bayern, Dortmund na PSG wakakataa kuingia.

Sasa mimi hela haijawahi kunisumbua sana, mpira ni hela siku nyingi. Kinachonisumbua ni hicho kiti cha kudumu. Angalieni msimamo wa ligi ya England msimu uleule wa 2020/21 ulivyoisha: Leicester wa 5, West Ham wa 6, Tottenham wa 7, Arsenal wa 8. Waliopewa kiti cha maisha ni huyo wa 7 na huyo wa 8. Tottenham ubingwa wa ligi mara ya mwisho wamechukua 1961! Leicester wamechukua 2016 juzi tu hapa, na mwezi mmoja baada ya lile tangazo wakamfunga Chelsea fainali ya Kombe la FA, lakini hawamo. Kwa kigezo gani? Nataka mtu anijibu kimpira, asiniambie habari za mashabiki wengi na jezi.

Na nitawapa kitu nilichokiona kwa macho yangu. Tarehe 28 Septemba 2021, miezi mitano baada ya Super League kuanguka, nipo kibanda umiza, saa nne usiku, TV mbili. Kubwa imewekwa PSG na City watu wamejaa wamekaa hadi chini kwa ajili ya Messi, ndogo ya pembeni ipo Real Madrid na Sheriff, timu inatoka Moldova ambayo ilipita raundi nne za mchujo ndo ikafika makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Kwenye TV ndogo tulikuwa kama watu sita. Sheriff wakatangulia, Benzema akarudisha kwa penati, basi tukajua Real wataua mchezo kama kawaida yao. Dakika ya 89 mpira unarushwa, unarudishwa nyuma, yule Thill wa Sheriff akaupiga mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi ukaenda kona ya juu kabisa. Moja mbili, Bernabeu, nyumbani kwa Real. Aisee watu wa TV kubwa wote waligeuza shingo, mwenye kibanda akaja kusimama mbele ya TV ndogo rimoti mkononi hadi filimbi ya mwisho. Ile mechi kwa mpango wa Aprili isingekuwepo kabisa, maana Sheriff wangeingilia mlango gani?

NIMERUDI. Nimesoma michango, naomba nijibu moja moja.

Kuna mdau kasema UEFA wenyewe ni walafi na mahakama ilishawaumbua. Mkuu hapo kwa UEFA sikubishii hata kidogo. Tarehe 19 Aprili 2021, siku moja tu baada ya lile tangazo, UEFA wakapitisha Ligi ya Mabingwa mpya ya timu 36, na ndani yake mlikuwa na nafasi mbili za timu zilizofeli kufuzu kwao ila zina historia nzuri Ulaya. Huo nao ulikuwa mlango wa uani! Wameufuta Mei 2022 baada ya kelele. Na mechi wameziongeza hadi wachezaji wanalalamika. Ila hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya tarehe 21 Desemba 2023 watu wengi mnaisoma nusu. Mahakama ilisema UEFA na FIFA hawawezi kujipa mamlaka ya kuruhusu au kuzuia mashindano mengine bila vigezo vilivyo wazi na vya haki. Haikusema Super League ni halali ianze kesho. UEFA kubanwa na sheria nafurahi sana, lakini ubaya wa UEFA haumfanyi Perez, bosi wa Real Madrid aliyeongoza Super League, kuwa mkombozi.

Mwingine kasema wale A22, kampuni iliyokuja baadaye kufufua wazo la Super League, waliahidi mechi zote bure kwenye programu yao, kwa hiyo sisi wa huku tungefaidika kuliko kulipia king'amuzi. Ndugu yangu, bure kwa nani? Mechi ya dakika 90 kwenye simu inakula bando kiasi gani? Mimi kibandani naingia kwa buku, nakaa na watu, tunabishana. Hiyo bure ya intaneti ni ya mtu mwenye waifai nyumbani. Sikatai kwamba kuna watakaofaidika, ila usiseme sisi.

Na huyu wa kusema Real na Liverpool kila wiki ingekuwa raha tupu. Hebu fikiria Simba na Yanga. Kwenye ligi zinakutana mara mbili kwa msimu, na wiki nzima kabla ya mechi mtaani hakukaliki, watu wanawekeana dau, mafundi cherehani wanashona jezi za rangi mbili usiku kucha. Sasa iweke kila Jumatano uone kama baada ya miezi mitatu kuna mtu atakosa usingizi.

Nikiitaja Simba naomba niseme jambo ambalo wenzangu wa Msimbazi hamtalipenda, na mimi ni Simba toka utoto. Haya mambo yameshafika kwetu. Agosti 2022 CAF walikuja kuzindua Super League ya Afrika palepale Arusha, wakasema timu 24 na zawadi dola milioni 100. Ikaja kuanza Oktoba 2023 ikiwa timu 8 tu, jina limebadilika kuwa African Football League. Ufunguzi tarehe 20 Oktoba kwa Mkapa, sisi na Al Ahly, Infantino rais wa FIFA yupo jukwaani, 2-2, Kibu kafunga, Kanoute kafunga, nilitoka pale sina sauti. Kwenda Cairo 1-1, tukatolewa kwa goli la ugenini. Najivunia ile siku na nitajivunia.

Lakini bingwa wa Tanzania 2022 na 2023 alikuwa nani? Yanga. Aliyetoka kucheza fainali ya Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger mwaka uleule ni nani? Yanga. Hawakualikwa, sisi tukaalikwa kwa sababu ya pointi za miaka ya nyuma. Tarehe 5 Novemba, wiki mbili tu baada ya ule ufunguzi, uwanja uleule wa Mkapa, Yanga wakatupiga tano moja. Nilikuwepo. Siwezi leo kumsema Tottenham halafu hili nilifumbie macho.

Kwa hiyo msimamo wangu sio kwamba mashindano mapya ni haramu. Na ukiangalia hata hao wa Super League wamekuwa wakisogea wenyewe: 2021 viti 15 vya kudumu, Desemba 2023 wakaja na timu 64 madaraja matatu, kupanda na kushuka kupo ila timu mpya inaanzia daraja la chini kabisa, Desemba 2024 wakasema timu 96 na kila mmoja anafuzu kila mwaka kupitia ligi ya kwao. Nani aliwasogeza? Wale mashabiki wa Chelsea waliokaa barabarani tarehe 20 Aprili, basi la timu yao wenyewe likakwama hadi Petr Cech, kipa wao wa zamani, akatoka nje kuwaomba wapishe. Usiku uleule timu za England zikaanza kujitoa, moja baada ya nyingine.

Jamaa wa kijiweni najua unasoma hapa, na wewe ni Arsenal. Swali langu la Leicester na West Ham bado hujalijibu.