Mjadala: Dereva boda avae helmeti ya kufunga uso mzima, au ile ya wazi inatosha?

Wakuu habari zenu. Nauleta huu mjadala maana kijiweni kwetu Mbagala umetugawa, wiki ya pili sasa watu wanabishana mpaka abiria anasubiri kupandishwa. Ulianzia kwa mzee mmoja mwenye pikipiki tatu, kawaambia vijana wake kuanzia mwezi ujao asiyevaa helmeti ya kufunga uso mzima, ile yenye kidevu, arudishe funguo. Vijana wamegoma. Wanasema ya wazi inatosha, mbona trafiki akikusimamisha anaangalia umevaa au hujavaa basi.

Mi nipo na mzee, na ntasema kwanini, halafu anayepinga aje na hoja tubishane kwa adabu.

Nimeendesha boda miaka minne, Rangi Tatu kwenda Kongowe, Chamazi, mpaka Mbande huko. Siku niliyoanguka nilikuwa nimevaa helmeti na mkanda nimefunga, hilo nalisema mapema kabla hamjaniuliza. Ila ilikuwa ya wazi. Daladala ilikata ghafla kuingia kituoni, nikashika breki ya mbele juu ya mchanga, nikaenda chini kifudifudi. Kichwa hakikupata kitu, hata uvimbe. Taya ndo lilivunjika sehemu mbili, na meno manne ya mbele yakabaki pale pale kwenye lami. Wiki sita nimefungwa waya mdomoni, uji na maziwa kwa mrija, na mke wangu alikuwa halali bila koleo ya kukatia waya pembeni ya mto, kwasababu aliambiwa nikitapika azikate hapo hapo nisije nikapaliwa nikafa. Hesabu ya bosi, ile hela ya kila siku, hakuna, mtoto karudishwa nyumbani toka shule kwa ajili ya mchango, na mpaka leo nyama nakata vipande vidogo vidogo. Kwaiyo mtu akiniambia "helmeti ni helmeti" naona bado hajaanguka.

Na sio mimi tu. Kuna mtafiti Mjerumani, Dietmar Otte wa Hannover, aliangalia helmeti za watu waliopata ajali ya pikipiki akachora kila sehemu iliyogongwa. Karibu theluthi ya mapigo yote yalikuwa eneo la kidevu. Theluthi! Na ukifikiria ni kweli, pikipiki ikisimama ghafla wewe husimami, unaenda mbele, na cha kwanza kukutana na barabara au na boneti ya gari kinaweza kuwa uso. Sasa ile ya wazi imelinda utosi na kisogo, hapa mbele imeacha kama ulivyozaliwa.

Nije kwenye hoja za wenzangu, maana zingine zina ukweli.

Joto. Hili nakubali, sibishi kabisa. Dar mwezi wa pili saa nane mchana foleni ya Mtoni Kijichi ukiwa umefunga kioo cha helmeti unaweza kuona kizunguzungu. Ila kioo kinapanda juu jamani, ukiwa umesimama unapandisha, ukitembea unaacha upenyo kidogo hewa inaingia, kinachokulinda taya ni kile kidevu chenyewe na kipo pale pale hata kioo kikiwa juu. Na vumbi la barabara za ndani, wadudu wa usiku, mvua ya masika inayopiga macho kama changarawe, hivyo vyote mnavumilia kila siku halafu joto ndo mnalalamikia.

"Sisikii honi, sioni pembeni." Hili limejibiwa zamani sana. Marekani kuna ripoti ya mwaka 1981, mtu anaitwa Harry Hurt na wenzake wa chuo kikuu cha Southern California walichunguza ajali 900 za pikipiki pale Los Angeles, wanafika mpaka eneo la tukio. Hawakukuta helmeti inamzuia dereva kusikia sauti muhimu za barabarani wala kuona hatari kabla ya kugonga, na za uso mzima ndo zilipunguza majeraha ya uso. Tatizo la kweli lipo kwenye vioo. Kioo kilichojaa mikwaruzo, au kile cheusi mtu anavaa mpaka saa tano usiku, hapo naungana na nyie, mtu atagonga mpita njia. Kioo kisichoonyesha kibadilishwe au kipandishwe juu.

Halafu hii ya wahalifu, ambayo ndo inasemwa sana na abiria hasa akina mama. Kwamba dereva akifunga uso humjui, na vishandu wanaopora mikoba wakiwa kwenye pikipiki watapata pa kujifichia. Hofu hii naiheshimu, dada yangu mwenyewe aliporwa simu akiwa anatembea pembeni ya barabara, akaburuzwa. Ila aliyemburuza hakuwa na helmeti yoyote, alivaa kofia na barakoa. Mwizi hasubiri tumruhusu kujificha. Colombia walikuwa na balaa kubwa kuliko letu, wauaji wa kukodiwa wanatumia pikipiki, enzi za Escobar yule bosi wa dawa za kulevya huko, wao wakaweka kwenye sheria namba ya pikipiki iandikwe kwenye helmeti ya dereva. Sasa sisi tunashindwa nini? Namba nyuma ya helmeti, namba kwenye reflekta, na sheria ya kawaida tu kwamba ukifika kituo cha mafuta, benki, au ukiwa unaongea na abiria bei, unavua au unapandisha kioo akuone. Abiria ana haki ya kuona sura ya mtu anayempa maisha yake saa nne usiku.

Bei sasa. Hapa ndo penye maumivu na hapa nataka tukae. Yangu ya kwanza nilinunua elfu 20 Kariakoo. Nzuri, inang'aa, ina kidevu kabisa. Siku moja ilidondoka kwenye benchi la kijiwe ikapasuka, ndo nikaona ndani ya kidevu hamna kitu, plastiki tupu. Helmeti inafanya kazi kwa lile povu gumu jeupe la ndani, linafanana na lile linalofungashiwa TV mpya, likigongwa linabonyea ili ubongo usitikisike kwa nguvu yote, na likishabonyea mara moja kazi yake imeisha, hiyo helmeti ni ya kutupa hata kama nje haina mkwaruzo. Kwaiyo ukienda dukani ingiza vidole ndani ya kidevu, kama hamna povu rudisha. Zile zilizopimwa kwa kiwango cha Umoja wa Mataifa zina alama ya E ndani ya duara kwenye mkanda, na baada ya namba kuna herufi: P maana yake kidevu kimepimwa na kinalinda, J ni ya wazi, na NP maana yake kidevu kipo lakini hakikulindi. Watu wengi wamevaa videvu vya urembo hawajui.

Ndo maana simlaumu sana kijana anayegoma. Ya kweli ni hela ya siku nyingi za kazi, na yeye hapo ana hesabu ya kila siku, mafuta na mkataba haujaisha.

Abiria mi ningemwacha avae ya wazi, mradi imefungwa kidevuni na sio kuwekwa tu kichwani kama bakuli. Huwezi kumwambia mama mwenye kilemba au aliyetoka saluni aingize kichwa kwenye helmeti iliyopumuliwa na watu 15 toka asubuhi. Hata ya wazi sio bure, tafiti zilizokusanywa pamoja zilionyesha helmeti kwa ujumla inapunguza vifo kama asilimia 42 na majeraha ya kichwa asilimia 69. Tofauti ni kwamba abiria anapanda dakika kumi na dereva yupo barabarani masaa 14. Na mishikaki hapo siongelei kabisa, watu wanne pikipiki moja, helmeti moja, aliyeivaa ni dereva.

Wenye pikipiki mliomo humu, nyie ndo nataka mnijibu kwanza. Mnampa kijana Boxer mpya kwa mkataba, mnaandikishana mpaka tairi nani atanunua. Helmeti kwenye mkataba wenu ipo? Inalipwa na nani, na mlishawahi kuingiza vidole kwenye kidevu chake mkaangalia kuna nini?