Mrejesho: kujibu andiko la darasa la mtandaoni

Wakuu, niliuliza kwa nini majibu yangu kwenye mjadala wa darasa yanapata alama ndogo ilhali andiko nimelisoma lote. Asanteni sana, mmenifungua macho: nilikuwa nafupisha, sijibu.

Tofauti ni hii. Chukua Azimio la Arusha la 1967, lile tamko la siasa la chama cha TANU kule Tanzania. Ukiandika "Azimio linahimiza ujamaa na kujitegemea", huo ni muhtasari, mwalimu anaujua. Shika sehemu moja tu, tuseme sharti lililomkataza kiongozi wa chama au serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Taja ukurasa, lieleze kwa maneno yako, halafu libane: mwenye vyumba vitano vya kupangisha pale Mwanjelwa, Mbeya, akipewa uongozi enzi hizo, anazuiwa nini hasa? Nyumba ikiandikwa jina la shemeji, je? Hapo ndipo hoja inapozaliwa, na aya mbili zinatosha kabisa.

Ukimjibu mwenzako wa darasa, "nakubaliana nawe, hongera" si jibu. Nukuu sentensi yake moja, ongeza ushahidi au pingamizi, umalizie kwa swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana.

Na nyie wa Uyole na Tukuyu, mvua ikishika, mtandao unayumba: ukurasa unajitoa wenyewe na maandishi yote yanapotea. Andika kwanza kwenye simu, hifadhi, ndipo unakili na kubandika. Tuma siku mbili kabla ya mwisho. Ukisubiri usiku wa mwisho hakuna atakayewahi kukujibu.