OR chuoni: tunafundishwa kuamua au kuzungusha majedwali?

MwanaMatriki: Wakuu habari. Kwenye somo la OR (operations research, hesabu za kutafuta mpango bora) bado tunakalishwa mtihani tunazungusha jedwali la simpleksi (njia ya kufika jibu bora hatua kwa hatua) kwa mkono, ukikosea sehemu moja mwanzoni basi ukurasa mzima umeenda na maji, wakati kompyuta inamaliza tatizo la maelfu ya variabo (namba zinazotafutwa) kabla hujafungua mfuniko wa kalamu. Somo linaitwa la kufanya maamuzi, sasa maamuzi yenyewe tunafundishwa lini? Mi naona jedwali litolewe mtihanini, muda uende kwenye kuunda modeli, yaani kugeuza tatizo halisi kuwa hesabu.

FundiSolva: Naunga mkono asilimia mia. Walimu wanarithisha mateso waliyopewa na wao. Hata Dantzig mwenyewe aliyebuni simpleksi 1947 na kupewa Nobel, leo angefungua solva (programu inayotatua hesabu hizi) akaenda zake kulala.

BiKanuni: Dantzig hakupewa Nobel. Ya uchumi ya 1975 walipewa Kantorovich wa Usovieti na Koopmans wa Marekani. Ndo shida ya kusoma solva tu.

FundiSolva: Dada nimeongelea mtihani wewe umeng'ang'ania medali. Kwani ukijua nani kapewa nini ndo modeli inatatuka?

KigezoHuru: Na alistahili Kantorovich. Kiwanda cha plaiwudi kilimpelekea shida ya kugawa kazi kwenye mashine, 1939 akachapisha kila kitu, Mmarekani Dantzig kaja baadaye kudai ni yake.

BiKanuni: Kudai wapi? Kazi ya Kantorovich ilikaa Usovieti huko, Magharibi wameijua miaka ya 50 inaelekea kuisha. Na hakuwa na simpleksi, alikuwa na vizidishi vyake vinavyofanana na hizi tunazoita bei kivuli (faida ya kuongeza rasilimali kidogo). Koopmans mwenyewe hakufurahi Dantzig kuachwa. Soma kwanza ndo uje na hukumu.

MwanaMatriki: jamani, mtihani 😂

MzeePivoti: Kijana usiwasikilize. Jedwali ndo linakuonyesha sharti gani limebana, lipi limelegea, na kulegeza moja kunakupa nini. Nimefanya kazi na vijana wa ratiba wanaojua kubonyeza tu, solva ikiandika infizibo (hakuna jibu linalotimiza masharti yote) wanakodoa macho, wanafuta sharti moja moja kama wanabahatisha, mwisho wanafuta lile la mapumziko ya wafanyakazi maana hakuna wa kulipigia kelele. Hapo uamuzi umefanyika na hakuna aliyejua kama ameamua.

FundiSolva: Mzee hapo umenisaidia mimi. Huyo kijana alikosa kujua masharti yana maana gani kwa watu, na hilo halimo kwenye jedwali la variabo tatu. Bei kivuli solva inatoa yenyewe, na ukiiuliza masharti yapi yanagongana nyingi zinakuonyesha.

MzeePivoti: Inatoa, na wewe unaisoma vibaya. Bei kivuli ina mipaka yake, ukiongeza rasilimali kupita hapo namba imeshabadilika. Aliyepivoti (aliyezungusha jedwali) kwa mkono hili halimpiti.

FundiSolva: Aliyepivoti kwa mkono anakumbuka maumivu ya mkono tu.

KigezoHuru: Ila modeli ndo kila kitu, hapo nakubali. Dantzig huyohuyo alitaka kupungua uzito, akaiagiza kompyuta impangie chakula kinachoshibisha, kipimo cha kushiba akaweka uzito wa chakula ukitoa maji yake. Ikampa galoni 500 za siki! Kwenye data siki ilikuwa imeandikwa haina maji. Akaifuta siki, ikaja na vipande 200 vya supu kavu kwa siku. Hesabu zote sahihi kabisa hizo.

BiKanuni: Leo umeleta kitu. Na alicheka akarekebisha kwa sababu alijua ndani kunaendaje.

FundiSolva: Kujua siki hainyweki galoni 500 kunahitaji pivoti ngapi?

BiKanuni: Wewe kila kitu mzaha. Hilo somo ulipata ngapi?

FundiSolva: Nilipata inayotosha, wewe nani akukague?

KigezoHuru: Tusisahau na Khachiyan 1979, aliyethibitisha LP (linear programming, hizihizi hesabu za simpleksi) inatatulika kwa muda wa polinomia, yaani muda usiolipuka tatizo likikua. Mrusi mwingine huyo, Wamarekani kimyaaa.

BiKanuni: Khachiyan ni Mwarmenia. Na njia yake kwenye matumizi ilikuwa taratibu kuliko simpleksi, mpaka Karmarkar 1984 alipokuja na yake.

KigezoHuru: Kazaliwa Leningrad, sasa unataka nimwite nani?