Kumpeleka baba na watoto kwenye kaburi la mashujaa wa Majimaji, Songea: naomba ushauri

BintiWaPeramiho (Dodoma)

Habari za leo, ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 78. Alizaliwa jirani na Peramiho, akaondoka akiwa kijana kufuata kazi, na kila ifikapo Februari huwataja Wangoni walionyongwa na Wajerumani pale Songea tarehe 27 Februari 1906, wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Kijerumani, na kuzikwa katika kaburi moja, kaburi ambalo yeye mwenyewe hajawahi kusimama mbele yake. Nimeamua kumpeleka pamoja na wanangu wawili, binti wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 9.

Naomba ushauri wa mambo mawili. Je, twende wakati wa kumbukizi ya Februari, au tusubiri likizo ya Juni, ikizingatiwa kwamba magoti ya mzee hayana nguvu tena? Na huyu mdogo nimweleze nini kuhusu watu kunyongwa, na kuhusu kichwa cha Nduna (yaani kiongozi wa Wangoni) Songea Mbano, ambacho inasemekana kilikatwa na kupelekwa Ujerumani? Sipendi aote ndoto mbaya, lakini pia sipendi kumdanganya mbele ya kaburi la babu zake.

Mkazi_wa_Songea

Karibu nyumbani, dada. Kwa mzee wa umri huo ningechagua Juni bila kusita. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo mwishoni mwa Februari udongo wetu mwekundu unateleza, na mtu mwenye magoti mabovu hawezi kutembea kwa utulivu. Juni ni kukavu, ila ni baridi. Mfungashie mzee sweta zito, maana Njombe mtakayopitia ina baridi kuliko hata huku. Kutoka Dodoma mtapita Iringa, Makambako na Njombe, kisha mtashuka milima ya Lukumburu yenye kona nyingi. Msilazimishe kuimaliza safari kwa siku moja. Laleni Makambako au Njombe, mzee afike akiwa na nguvu ya kusimama.

Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yako mjini hapa hapa, na bajaji itawafikisha. Watu wengi huanzia ndani, kwenye silaha za jadi na picha, wakafika makaburini wakiwa wamechoka. Nyinyi anzieni kwenye kaburi la pamoja, ambamo wamelazwa zaidi ya watu 60, halafu mwende kwenye kaburi la Nduna Songea, ambalo liko peke yake. Sanamu za viongozi na vyumba vya maonyesho vifuate baadaye. Mwombeni mhifadhi kiti mapema. Mwaka juzi nilimsindikiza mjomba wangu, naye alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akayasoma majina ya marehemu moja baada ya jingine kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye jina la ukoo wake alinyamaza, akalirudia, kisha akaomba akae. Tulikaa pale karibu nusu saa bila mtu kusema neno, na ninashukuru kwamba hakuna aliyetuharakisha.

Mwalimu_Mstaafu

Mama, kuhusu watoto, nimefundisha historia kwa miaka mingi na ninaamini mtoto wa miaka 9 anaweza kuubeba ukweli akiupokea kwa mpangilio. Usianzie kwenye kitanzi. Anzia kwenye pamba: watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya serikali kwa malipo duni, na Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, upande wa Kilwa, wakaing'oa kama tangazo la vita. Mweleze habari za mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, ambayo watu waliamini yangezigeuza risasi kuwa maji, na umweleze kwamba imani hiyo iliyaunganisha makabila ambayo awali hayakuwa na umoja wowote. Akishajua kwa nini watu walipigana, kunyongwa kwa viongozi kutakuwa na maana kwake, hakutabaki kuwa kitisho tu.

Lipo jambo jingine ambalo ningeomba msilipite haraka. Kaburi la Songea linatuonyesha walionyongwa, lakini sehemu kubwa kabisa ya waliokufa katika vita ile, ambao makadirio yao huanzia 75,000 na kufikia 300,000, waliuawa na njaa, kwa sababu majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, maghala na mazao shambani ili wananchi wasiwe na chakula cha kuendeleza vita. Hao wengi wao ni wanawake, wazee na watoto, na hawana jiwe lolote lenye majina yao. Mkiwa pale kaburini, watajeni na hao.

Binti wa miaka 13 mwonyeshe habari za Nkomanile, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa Wangoni na ambaye alinyongwa pamoja na wanaume. Ndani ya darasa langu, wasichana waliokuwa wakisinzia waliinua vichwa kila nilipomtaja. Kuhusu kichwa cha Nduna Songea, mwambie mdogo kama ilivyo: kwamba ukoo wake bado unakitafuta, na kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea, akakutana na wajukuu zake na kuomba msamaha. Mtoto ataelewa kwamba msiba huu bado haujamalizika.

Mjukuu_wa_Nduna

Ninaheshimu ushauri wa ndugu yangu wa Songea, ila ningependa mzee asiikose Februari moja kwa moja. Kumbukizi hufikia kilele tarehe 27, na siku hiyo koo zilizotawanyika hukutana, ngoma ya lizombe huchezwa, na wazee hutaja nasaba zao mbele ya vijana. Mtu aliyeondoka Peramiho akiwa kijana anaweza kukutana pale na ndugu asiowajua. Kama afya yake inaruhusu, mketisheni chini ya hema mapema asubuhi kabla umati haujajaa. Kama hairuhusu, basi nendeni Juni, lakini kabla ya safari mpigieni simu mzee yeyote wa ukoo aliyebaki huko, aje kuwapokea makaburini. Si vizuri mtu wa umri wake arudi nyumbani kama mgeni.

BintiWaPeramiho

Mwalimu, shikamoo, na wengine wote asanteni sana. Jana usiku nilimsomea baba majibu haya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema twende Juni, na akanitajia jina la binamu yake ambaye hawajaonana tangu alipoondoka na ambaye huenda bado yuko Peramiho. Leo ninaanza kuitafuta namba yake kupitia parokia. Binti yangu naye ameomba daftari jipya, ili ayanakili majina yote yaliyoandikwa pale kaburini.