Swift Sport inagonga mbele: nikate springi au nitafute ugonjwa kwanza?

Kijana_wa_Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Nina Suzuki Swift Sport ya 2007, ile ZC31S, injini M16A ya cc 1586, gia za mkono. Naipenda hii gari kupita kiasi. Mshale wa mizunguko ya injini ukivuka 5000 sauti inabadilika kabisa.

Shida ni kwamba nikipita tuta au barabara ya vumbi polepole, mbele kushoto inagonga ko-ko-ko. Kwenye lami nzuri kimya. Halafu nilikuwa na mpango wa kuishusha kidogo, maana ule uwazi kati ya tairi na fenda unanikera. Fundi wa mtaani anasema atakata springi mzunguko mmoja kwa grinda, na kugonga kutaisha humo humo. Hela siyo nyingi, ila kazi ya mikono naiweza: nina jeki, stendi mbili na boksi la spana. Nifanyeje?

Spana_14
Mkuu, usikate. Ncha ya springi imetengenezwa ikae kwenye kikalio chake. Ukiikata, siku tairi likining'inia kwenye shimo springi inalegea na inaweza kuhama mahali pake. Na shokapu ni ile ile ndefu, kwa hiyo inaanza safari ikiwa tayari imekaribia ule mpira wa kikomo unaoizuia isigonge mwisho. Kila tuta utalisikia kiunoni. Akikuambia atazilainisha kwa moto wa gesi, ondoka kabisa, chuma kile kinapoteza ugumu wake.

Mzee_wa_Starlet
Mimi nilikata kwenye Starlet, mwaka wa pili huu, sijaona tatizo.

Spana_14
Kaka, ipandishe jeki tairi lining'inie, kisha zungusha springi kwa mkono. Ikizunguka, tatizo unalo.

Pwani_Roadster
Salaam kutoka Mombasa. Kugonga kwa mwendo wa polepole kwenye njia mbovu, mimi ningeanza na linki ya stebilaiza, yaani kile kiungo kifupi kinachoshika stebilaiza, ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. Lakini watu wengi huipima vibaya. Wanainua upande mmoja tu. Pale ile fimbo inakuwa imekazwa na ulegevu haujitokezi. Inua mbele yote, stendi pande zote mbili, mawe nyuma ya matairi ya nyuma, kisha shika linki uitikise. Ikiwa nzima, mwambie mtu azungushe usukani taratibu huku kiganja chako kikigusa springi kwa nje, vidole mbali na nafasi za katikati. Ikiruka ghafla na kutoa mlio, beringi ya juu ya shokapu imekwisha.

Mama_Gereji
Naongeza moja, mwanangu, na hili sifanyii mzaha. Ukifikia kutoa shokapu, usifungue nati ya katikati juu kabla springi haijabanwa kwa vibanio vyake. Ile springi ina nguvu ya kuvunja taya. Kama huna vibanio, peleka shokapu kwa mwenye navyo. Na boliti za bushi (vile viungo vya mpira) za mkono wa chini unaoshika tairi zikaze mwisho gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo mpira unapindika muda wote na utapasuka mapema.

Kijana_wa_Mbagala
Mrejesho. Jumamosi niliingia chini. Linki ya kushoto mpira wake umechanika, grisi imekauka na mchanga umeingia, kichwa kinacheza kama jino bovu. Nati iligoma, ikawa inazunguka na skrubu yake, hadi nikaishika katikati kwa spana ya L. Spea nilipata mtaa wa Gerezani, hapa Dar. Nimepita matuta yote ya mtaani, kimya!

Springi sikati tena. Nikijaaliwa nitatafuta fupi za kiwandani pamoja na shokapu zake. Kwa sasa nikibaki na tairi mpya za 195/50R16, inatosha?

Pwani_Roadster
Inatosha sana, tairi zuri utaliona kwenye kona ya kwanza. Siku ukishusha, pima alaimenti siku hiyo hiyo, maana pembe za mbele zinahama. Umebadilisha linki ya kulia pia?

Kijana_wa_Mbagala
Hapana, ilionekana nzima.

Mama_Gereji
Ina umri sawa na mwenzake. Nunua, uiweke Jumamosi ijayo.